Maswali yanayojirudia: websaiti ya mazoezi inayokaa vizuri kwenye simu, yenye animesheni na inayotumika na kila mtu

Kila wakiingia wapya kwenye kundi letu la kujifunza kutengeneza websaiti hapa Dom maswali yanakuwa yaleyale, kwaiyo tumeyaweka sehemu moja ili mtu asisubiri mpaka mwenye jibu apate bando. Mradi tunaoutumia ni ukurasa wa kikundi cha wakulima wa zabibu wa Hombolo, kikundi chenyewe cha kubuni tu, una picha, bei, ratiba ya mavuno na sehemu ya kuagiza. Majibu mengi hapa chini yanauzungumzia huo.

## Kabla hujaanza

Naanzia wapi, mbona vitu ni vingi hivi?

Anza na HTML peke yake. Yani ukurasa mzima uandike bila rangi, bila fonti ya maana, bila chochote: kichwa cha habari, aya, bei, picha, fomu ya kuagiza. Fungua kwenye brauza usome kuanzia juu mpaka chini, ukiona unaeleweka ukiwa mbaya hivyohivyo basi sehemu kubwa ya kazi umeshaimaliza. Baada ya hapo ndo inakuja CSS ya kupanga, kisha JavaScript kidogo kama kuna kitu kinaihitaji, na animesheni inaingia mwisho kabisa.

Wengi wanaenda kinyume, wanaanza na slaidi zinazopita na maandishi yanayoruka, wiki inaisha ukurasa hauna hata bei ya kilo.

HTML, CSS na JavaScript zinatofautianaje?

HTML inasema kitu ni nini: hiki ni kichwa, hii ni orodha, hiki ni kitufe. Imetoka kwa Tim Berners-Lee alipokuwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kule Uswisi. CSS inasema kitu kionekane vipi na kikae wapi, wazo lake alilileta Håkon Wium Lie mwaka 1994. JavaScript, ya Brendan Eich, 1995, inashughulika na kinachotokea mtu akibonyeza. Kwa ukurasa wetu wa zabibu JavaScript haifiki hata mistari 40, na ukijibana unaweza kuishi bila yote.

Lazima niwe na laptopu?

Hapana. Kuna apu ya Android inaitwa Acode, ni ya kuandikia msimbo na ina sehemu ya kuangalia matokeo hapohapo, tena bila intaneti. Kuandika alama kama `{` na `<` kwenye kibodi ya simu kunachosha, hilo siwezi kukuficha, ila faida yake ni kwamba unajaribia kwenye kifaa kilekile ambacho wasomaji wako wanatumia. Mwenye laptopu achukue VS Code, ni ya bure.

Lazima iwe zabibu?

Chagua unachotaka lakini kiwe na vitu vitatu: picha zinazohitaji kuelezwa, namba za kupangwa kwenye jedwali, na jambo moja ambalo msomaji anatakiwa kulifanya. Zabibu zina vyote, na kwa kuwa huku zinavunwa mara mbili kwa mwaka unapata na ratiba ya kuichezea. Mwingine anaweza kuchukua michoro ya mapangoni ya Kondoa, ile ya Kolo na jirani zake iliyoingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006, hapo kazi ya kuandika maelezo ya picha inakuwa nzito na nzuri zaidi. Kitu usichukue ni "websaiti yangu binafsi" kama huna cha kuweka, utaishia kujaza maneno ya uongo ya Kilatini.

Nitumie React au Bootstrap?

Kwa mradi huu, hapana. Jifunze kinachotokea chini kwanza. Frimweki kama hizo, yani msimbo ulioandaliwa na wengine ili ujengee juu yake, utazikuta tu kazini.

Naweza kumwambia ChatGPT anitengenezee yote?

Unaweza, ila hapo mazoezi kafanya nani? Mtumie kukuelezea kosa ulilokwama nalo, halafu jaribu kila anachokwambia kwenye simu yako, maana anaweza kukupa kitufe kilichotengenezwa na `div` (boksi tupu la HTML lisilo na maana maalum) akiwa na uhakika wote duniani. Kwanini hilo ni tatizo, soma swali la vitufe huko chini.

## Kukaa vizuri kwenye kila skrini

Websaiti inayojipanga yenyewe maana yake nini hasa?

Ukurasa mmoja, msimbo mmoja, unakaa vizuri kwenye simu ya laki na kitu, kwenye tableti na kwenye skrini pana ya ofisini. Ethan Marcotte ndiye aliyeipa hiyo mbinu jina mwaka 2010, na alitaja mambo matatu ambayo mpaka leo ndo msingi: upangaji unaonyumbulika, picha zinazonyumbulika, na masharti ya CSS yanayoangalia upana wa skrini (`@media`). Leo tuna Flexbox na Grid, njia za CSS za kupanga vitu, kwaiyo la kwanza limekuwa rahisi sana, enzi hizo watu walikuwa wanapiga hesabu za asilimia mpaka basi.

Kwenye laptopu iko poa, nikifungua kwenye simu maandishi yanakuwa kama sisimizi. Shida nini?

Mara nyingi umesahau mstari huu ndani ya `head`, ile sehemu ya juu ya faili la HTML:

`<meta name="viewport" content="width=device-width, initial-scale=1">`

Bila huo simu inajifanya ni kompyuta yenye upana wa piksel 980 hivi halafu inauminya ukurasa mzima uingie kwenye kioo. Na usiongeze `user-scalable=no` kama templeti nyingi za zamani zinavyofanya, unamzuia mtu kuvuta maandishi yawe makubwa, na anayehitaji kuvuta ndiye huyohuyo ambaye macho yake yanamsumbua.

Nianze kupanga kwa simu au kwa kompyuta?

Simu. Andika CSS ya kawaida kana kwamba skrini zote ni nyembamba, kila kitu kikae chini ya kingine, halafu kwa `@media (min-width: 40rem)` ndo unaanza kugawa safu (`rem` moja ni saizi ya fonti ya kawaida ya ukurasa). Simu nyingi za Android zina upana wa piksel 360 za CSS, ila hakikisha ukurasa hauvunjiki hata kwenye 320.

Kadi za aina za zabibu hazihitaji hata hiyo `@media`. Andika `display: grid` na `grid-template-columns: repeat(auto-fit, minmax(min(100%, 16rem), 1fr))`, basi, zitajihesabu zenyewe: simu inaonyesha moja, tableti mbili, laptopu tatu au nne. Hiyo `min(100%, 16rem)` wengi wanaiacha, wanaandika `16rem` tupu, kisha wanashangaa kadi kutoka nje pale sehemu ya kukaa inapokuwa nyembamba kuliko hapo.

Vituo vya kubadilikia viwe vingapi, na kwa saizi za simu gani?

Usifuate simu, simu mpya zinatoka kila mwezi. Vuta dirisha la brauza taratibu kutoka dogo kwenda kubwa, pale mpangilio unapoanza kuonekana wa ovyo ndo weka kituo. Ukurasa wetu una kimoja, kuna mdau anaweka viwili, wote sawa.

Picha zangu zinachelewa kufunguka, na zikifunguka maandishi yanaruka. Nifanyeje?

Ni matatizo mawili tofauti. La kwanza ni uzito. Picha ya shamba uliyopiga na simu inaweza kuwa MB 4, ukiweka kumi umemla mtu bando lake la siku kwa ajili ya kuangalia mizabibu. Punguza upana mpaka piksel 1200 au chini, hifadhi kama WebP, aina ya faili la picha lililo jepesi, inatelemka mpaka kilobaiti mia na kitu na jicho halioni tofauti. Kuna websaiti inaitwa Squoosh, inafanya hiyo kazi ndani ya brauza. Picha za chini kabisa ziwekee `loading="lazy"` zisubiri mpaka msomaji akaribie, ila ile kubwa ya juu usiiwekee maana hiyo inatakiwa ije mapema.

La kuruka ni kwa sababu brauza haijui picha ina urefu gani mpaka ifike, kwaiyo ikifika inasukuma kila kitu chini, na mtu alikuwa anataka kubonyeza "Agiza" anajikuta kabonyeza kingine. Andika `width` na `height` kwenye kila `img`, halafu kwenye CSS weka `max-width: 100%; height: auto`. Brauza itatenga nafasi kabla.

Jedwali la bei linatoka nje ya skrini.

Lifunge ndani ya `div` yenye `overflow-x: auto` ili litelezeshwe lenyewe bila ukurasa mzima kuyumba, na hiyo `div` ipe `tabindex="0"` pamoja na jina ili anayetumia kibodi aweze kulisogeza. Usigeuze jedwali kuwa picha. Bei zinabadilika kila msimu, utakuwa unapiga picha mpaka lini, na tena asiyeona haambulii kitu.

## Kutumika na kila mtu

Hivi kweli kuna mtu asiyeona atafungua websaiti yangu ya mazoezi?

Yupo. Hapo Buigiri, Chamwino, kuna shule ya wasioona ya miaka mingi, waliosoma pale ni watu wazima wana simu, wana kazi, wanaagiza vitu. Simu ya Android ina TalkBack inayosoma skrini kwa sauti, na sauti ya Kiswahili ipo.

Halafu usiwaze asiyeona peke yake. Kuna bibi ambaye maandishi madogo hayamwendei tena, fundi mwenye kioo kilichopasuka, mtu mwenye mkono unaotetemeka, na kuna wewe mwenyewe saa saba mchana umesimama Nyerere Square jua linawaka unajaribu kusoma kijivu juu ya nyeupe. Vitu unavyomrekebishia mmoja vinamfaa na mwingine.

Mwongozo unaofuatwa unaitwa WCAG, toleo la 2.2 limetoka Oktoba 2023. Ni mrefu, usijaribu kuumeza wote, chukua yanayokuja hapa chini kwanza.

Rangi ya zambarau ya zabibu inafaa kwa maandishi?

Ikiwa nzito, inafaa sana. Kipimo ni uwiano wa mng'ao kati ya maandishi na mandhari yake: maandishi ya kawaida yanataka angalau 4.5 kwa 1, makubwa 3 kwa 1. Zambarau `#5B2A6E` juu ya nyeupe inavuka 10 kwa 1, kwaiyo hapo umetulia. Zile zambarau za kupauka ndo zinafeli. Na kijivu `#999` ambacho watu wa dizaini wanakipenda kinapata karibu 2.8 tu, ukitaka kijivu nenda mpaka `#767676`, hapo ndo kinavuka kidogo tu.

Kingine, usitumie rangi peke yake kutoa habari. "Zilizoisha zimeandikwa kwa nyekundu" haimsaidii asiyetofautisha nyekundu na kijani, andika neno "Zimeisha".

Maelezo ya picha niandike nini?

Kwenye `alt`, ile sehemu ya maelezo ndani ya `img`, andika kile ambacho ungemwambia mtu kwenye simu ili aelewe kwanini picha ipo pale. "Picha ya zabibu" haisaidii. "Kichala cha zabibu nyekundu zilizoiva, mkononi mwa mkulima" inasaidia. Usianze na "picha ya", msomaji skrini (programu kama TalkBack) anasema mwenyewe kwamba ni picha. Kama ni pambo tu, mfano mstari wa majani chini ya kichwa, andika `alt=""` iwe tupu. Ukiiondoa kabisa baadhi ya wasomaji skrini watasoma jina la faili, na hakuna anayetaka kusomewa IMG underscore 2024 mpaka mwisho.

Kitufe nimekitengeneza na `div` na kinafanya kazi, tatizo liko wapi?

Kinafanya kazi kwa mwenye kidole na mausi. Kwa kibodi hakifikiki, Enter haikibonyezi, na TalkBack inasoma maneno bila kusema kwamba ni kitufe. Ukitumia `<button>` unapata vyote hivyo bure bila kuandika mstari hata mmoja wa JavaScript. Kanuni ni nyepesi: kinachokupeleka sehemu ni `<a>`, kinachofanya kitendo ni `<button>`.

Menyu ya simu ni `<button>` yenye `aria-expanded="false"` inayogeuka `true` ikifunguka, na Esc ikiifunga inakuwa vizuri zaidi. Ikoni ya mistari mitatu peke yake haina jina, ipe `aria-label="Menyu"` au bora zaidi andika neno Menyu, nafasi ipo. Ukubwa: WCAG 2.2 inataka angalau piksel 24 kwa 24, mi naona weka 44 au 48, vidole vya watu si kalamu.

Ule mstari unaozunguka kitufe ukibonyeza Tab ni mbaya, niutoe?

Usiutoe, ubadilishe. `outline: none` inamwacha anayetumia kibodi gizani, hajui yuko wapi. Tumia `:focus-visible` uweke mstari mnene wa rangi yako, kwa kawaida hautatokea mtu akibonyeza kitufe kwa mausi, kwaiyo dizaini yako haiharibiki.

Najaribuje kama sina mtu wa kunijaribia?

Weka mausi pembeni, zunguka ukurasa mzima kwa Tab mpaka uagize zabibu. Ukikwama sehemu, hapo pana kazi. Halafu vuta maandishi mpaka asilimia 200 uone kama kuna kinachokatika, ndo maana tunaandika saizi kwa `rem` na sio `px`.

Kisha washa TalkBack, ila kabla hujawasha jifunze kuizima, maana simu inabadilika tabia ghafla: unatelezesha kidole kulia kwenda kitu kinachofuata na unagonga mara mbili kubonyeza. Fumba macho usikilize ukurasa wako. Kwenye Windows kuna NVDA, msomaji skrini wa bure. Lighthouse, kipimo cha ukurasa kilichomo ndani ya Chrome, nayo iendeshe, lakini alama 100 haimaanishi umemaliza, yenyewe inaona kama `alt` ipo, haijui kama umeandika upuuzi.

## Animesheni

Nianimeshie nini?

Kidogo. Kadi ziingie taratibu, kitufe kijibu kikiguswa, menyu ishuke. Kila animesheni iwe inamwambia msomaji kitu: hiki kimefunguka, hiki kimepokelewa. Milisekunde 150 mpaka 300 zinatosha, zaidi ya hapo mtu anaanza kusubiri.

Kwenye laptopu inateleza, kwenye simu ya kawaida inakatakata.

Angalia unachokisogeza ni nini. Skrini nyingi zinachora fremu 60 kwa sekunde, kwaiyo kila fremu ina milisekunde 16 na kitu. Ukibadilisha `width`, `height`, `top` au `margin` brauza inalazimika kupiga hesabu ya nafasi za vitu vingine upya kila fremu, simu ndogo haiwezi. Badilisha `transform` na `opacity` tu, hizo mara nyingi inazishughulikia bila kugusa mpangilio. Unataka kitu kishuke? `transform: translateY()`. Kikue? `scale()`. Kivuli kizito kinachobadilikabadilika nacho kinaumiza.

`prefers-reduced-motion` ni ya nini?

Kuna watu wakiona vitu vikubwa vinasogea kwenye skrini wanapata kizunguzungu na kichefuchefu cha kweli. Simu na kompyuta zina mpangilio wa kuzima animesheni, kwenye Android uko kwenye sehemu ya ufikivu, na brauza inakupa habari hiyo kupitia hiyo sharti. Njia safi ni kuandika animesheni zako zote ndani ya `@media (prefers-reduced-motion: no-preference)`, yani asiyepinga ndo anazipata, mwingine anaona ukurasa uliotulia wenye kila kitu.

Mengine mawili hapo: kinachojisogeza chenyewe zaidi ya sekunde 5 pembeni ya maudhui mengine kiwe na kitufe cha kusimamisha, na kisiwepo kitu kinachowaka na kuzima zaidi ya mara tatu kwa sekunde, kinaweza kumwangusha mtu mwenye kifafa.

Kadi zangu zinatakiwa zitokee mtu akishuka chini, lakini kwa baadhi ya watu hazitokei kabisa.

Umezificha kwa `opacity: 0` kwenye CSS ukitegemea JavaScript ije izifunue. Mtandao ukikata katikati, faili la JavaScript halifiki, kadi zinabaki zimefichwa milele. Geuza: kwenye CSS ziwe zinaonekana, halafu JavaScript yenyewe ikishaamka iweke klasi `js` kwenye `html`, na kuficha kuwe chini ya `.js .kadi`. Kufunua tumia `IntersectionObserver`, kifaa cha JavaScript kinachokwambia kitu kikiingia kwenye skrini, usisikilize `scroll` kila piksel.

## Kuiweka hewani

Naiweka wapi bure?

GitHub Pages, huduma ya GitHub ya kuweka websaiti hewani. Faili kuu liitwe `index.html`, lote herufi ndogo, inaweza kuchukua kama dakika kumi kuonekana. Umeme ukiwa wa kukatikakatika jenga tabia ya kutuma kazi kule kila unapomaliza kipande, sio usiku ukishamaliza yote.

Kwangu picha zinaonekana, hewani hazionekani.

Jina la faili. Windows haijali `Shamba.JPG` na `shamba.jpg`, seva inajali. Andika kila jina kwa herufi ndogo bila nafasi katikati.

Fomu ya kuagiza nikituma haiendi popote.

GitHub Pages inatoa faili tu, haipokei chochote. Kwa mazoezi weka linki ya `tel:+255...` na ya WhatsApp, `https://wa.me/255...`, namba ikifuata bila sifuri ya mbele. Kama fomu unaibakisha kwa ajili ya kujifunza, kila kisanduku kiwe na `<label>` yake, maana maandishi hafifu ya ndani yanapotea mtu akianza kuandika, na namba ya simu iwe `type="tel"` ili kibodi ya namba ijilete. Taarifa za watu wa kweli usikusanye, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika Mei 2023 na haijali kama ulikuwa unafanya mazoezi.

## Vya pembeni

Ukurasa ni wa Kiswahili, mbona msomaji skrini anausoma kama Mzungu?

Templeti imekuja na `<html lang="en">`. Andika `lang="sw"`. Sentensi ya Kiingereza ndani yake ipe `lang="en"` yake peke yake. Ukitaka kuweka salamu ya Kigogo msimbo wake ni `gog`, na simu isiyokuwa na sauti hiyo itaendelea tu na sauti iliyopo.

Vitufe vya templeti vinapasuka nikiweka maneno yangu.

Vilipimwa kwa maneno mafupi. Toa `width` na `height` zilizowekwa kwa nguvu, tumia `padding` na `min-height`, kitufe kikue na maneno. Neno refu kwenye kichwa cha kadi, kama jina la kikundi lililoungana, lipe `overflow-wrap: anywhere`. Jaribu kabisa na "Tumeshawasafirishia" kwenye skrini ya 320, ikipona hiyo mengine yatapona.

Kwenye iPhone nikigusa kisanduku cha fomu ukurasa unajivuta wenyewe.

Fonti ya kisanduku iko chini ya piksel 16. Weka `font-size: 1rem` kwenye `input` zote. Swali lile la `user-scalable=no` lisome tena kabla hujafikiria kuizuia kwa njia hiyo.